Tunalima kila kitu, na asubuhi tunanunua mandazi



Siku ya soko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu asimame kidogo kando ya barabara yoyote inayoshuka toka milima ya Walungu ama Kabare. Ataona mama mwenye kubeba gunia la kosete za mihogo, kamba ikikaza kwenye paji la uso. Nyuma yake anakuja mtoto mwenye nguo za masomo na mkungu wa ndizi kichwani. Wakifika pale mama mwingine anapokaangia mandazi, wanatua mizigo. Mama anafungua pindo la kitenge, anatoa feza ya jana, anamnunulia mtoto mandazi mawili na gobele ya chai ya rangi. Kisha safari inaendelea. Mihogo inaenda kuuzishwa, ndizi vilevile, na mtoto anaingia masomo akiwa na unga wa ngano, sukari na mafuta tumboni. Katika vyote alivyokula hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye shamba la mama yake.

Tumeiona hii picha miaka mingi mpaka tukaizoea. Leo tunataka kuisema. Tunajua kuko wengine watakaosoma hapa na kucheka: ajronome ameacha shamba, sasa ameingia jikoni. Ni kweli tumeingia jikoni. Tena tumechelewa, na tutaeleza namna gani.

Miaka kadhaa iliyopita tulifuata kikundi kimoja cha walimaji wa soya. Tuligawa mbegu, tulifundisha kupanda kwa mistari, tulipima mashamba kwa kamba, tulipalilia pamoja nao. Mavuno yalikuwa mazuri na ripoti yetu ilikuwa nzuri zaidi. Soya yote ilipakiwa kwenye magunia ikaondoka na mchuuzi siku mbili tu. Wakati tuliporudi kuandika majina kwa msimu uliofuata, tulipita kwa mmoja wa wale waliovuna vizuri. Mlangoni alikaa mtoto wake mdogo: miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, hataki kucheza. Sisi wote tunajua jina la ile hali, tunaiita bwaki. Baba yake hakutukasirikia. Alituuliza tu: “Ajronome, ile soya njo inapikwaka namna gani?”

Tulisomea mimea miaka mingi kwenye chuo. Tulijua soya inahitaji siku ngapi mpaka kukomaa, na vinundu vya kwenye mizizi yake vinafanya kazi gani. Kwa lile swali la baba tulijibu maneno ya juujuu, halafu tukauliza kama mtoto alishafika kwenye kituo cha afya. Toka ile siku tunajua kwamba kazi yetu tuliifanya nusu.

Sasa turudi kwa mandazi, ambayo wengine wanaita benye. Hatuna chuki nayo. Ni matamu, yanashibisha kwa saa mbili, na mama anayeyakaanga analisha watoto wake kwa ile sufuria. Shida iko kwenye unga. Ngano inalimwa kidogo juu ya milima ya Lubero, watu wa kule wanaijua vizuri, lakini unga mwingi unaouzishwa huku mashariki unatoka mbali: unashuka melini Mombasa ama Dar es Salaam, unapanda lori, unapita mipaka, na kila anayeugusa anaongeza kitu kwenye bei. Mwaka 2022, wakati vita vilipoanza kati ya Urusi na Ukraine, bei ya ngano ilipanda dunia nzima. Huku kwetu hatukuhitaji redio kujua. Tuliona andazi limekuwa dogo.

Tupige hesabu, bila kutaja bei, maana bei ya Bukavu si ile ya Uvira wala ya Kalemie. Nyumba ina watoto 4 wanaosoma. Kila mmoja anakula mandazi 2 kila siku ya masomo. Ni 8 kwa siku, 40 kwa juma, 160 kwa mwezi. Zidisha 160 kwa bei ya andazi moja kwenu. Ile jumla igawe kwa bei ambayo mchuuzi anakulipa kwa kilo moja ya kosete. Jibu utakalopata ni kilo za mihogo ambazo mnalima, mnavuna, mnaloweka, mnaanika na kubeba kila mwezi kwa ajili ya mandazi peke yake. Tulifanya hii hesabu na memba kumi na wawili chini ya mti, kila mmoja na kijiti chake kwenye vumbi. Baba mmoja aliifuta kwa mguu akaanza tena, akidhani amekosea.

Tuseme basi kile tunachofikiri: koperative isiuzishe mavuno yote kabla ya kujua asubuhi ya memba wake itatoka wapi. Na ule unga wa asubuhi, sehemu kubwa inaweza kutoka kwa mihogo yetu, ndizi zetu, viazi vyetu vitamu na soya yetu. Si vyote kwa siku moja, na si kwa kukataza mtu andazi lake.

Tulianza vibaya sisi wenyewe. Mara ya kwanza tulipotaka kuonyesha mandazi ya mihogo, tulibeba unga, tukaupima kama ngano, nusu kwa nusu, tukaweka hamira na sukari, tukakaanga mbele ya watu thelathini. Yalitoka magumu kama kokoto za mtoni. Watoto waliyatupa wakakimbia, kuku mmoja akayadonoa akaacha. Mama mmoja mzee alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema: “Weye mutoto ulisoma, lakini haukuuliza.” Akatuomba maji ya moto. Alichukua sehemu ndogo ya unga wa mihogo, akaumwagia maji yanayochemka, akakoroga mpaka ikawa kama gundi. Ile gundi akaichanganya na unga uliobaki. Mandazi yake yalishikana, yakavimba kidogo, yakalika.

Sababu yake tunaijua kwa vitabu, na tulipaswa kuikumbuka. Ngano ina utomvu fulani wa proteini unaovutika kama mpira, ndio unaoshika hewa ya hamira. Mihogo haina ule utomvu hata kidogo. Lakini wanga wake ukipata maji ya moto unanata. Kwa hiyo, anayetaka kubaki na andazi lile lile alilozoea, aanze kidogo: katika gobele 5 za unga, 4 ziwe za ngano na 1 ya mihogo. Hakuna mtoto atakayetambua. Naijeria serikali iliwahi kuagiza viwanda vya unga vichanganye asilimia 10 ya mihogo katika unga wa mkate. Sisi hatutaki kungoja serikali iagize mambo ya sufuria ya nyumbani.

Lakini kuko kitu kizuri kuliko kuchanganya, yaani kupika kile ambacho hakihitaji ngano kabisa. Jirani zetu wa Uganda wana kitu wanachokiita kabalagala. Ni ndizi ndogo tamu, zile tunazoita kamaramasenge, pamoja na unga wa mihogo. Basi. Hakuna hamira, hakuna yai, na sukari si lazima. Chagua ndizi zilizoiva sana, zile zenye madoa meusi ambazo mchuuzi anazikataa. Menya kama 6 ama 7, ziponde mpaka zisibaki na vipande. Tia chumvi kidogo sana. Ongeza unga wa mihogo uliochekechwa, kidogo kidogo, karibu gobele 2, ukikanda bila kuweka maji, maana maji yote yamo ndani ya ndizi. Donge likiacha kushika mikono, inatosha. Litandaze unene wa nusu sentimita, kata duara kwa mdomo wa gobele, kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali unachoma sukari ya ndizi nje na ndani kunabaki kubichi. Yakiwa na rangi ya matofali yaliyochomwa, toa. Yanakaa siku mbili hata tatu bila kuharibika, kwa hiyo yanaweza kukaangwa Jumapili jioni na kuliwa mpaka Jumanne.

Hapa tunagusa kidonda kidogo. Ndizi zinaiva pamoja, na zile za kamaramasenge ambazo hazikupata mnunuzi, nyingi zinaishia kwenye kasiksi. Hatuwahubirii mtu juu ya kasiksi, sisi wenyewe tukikaribishwa hatukimbii. Tunaomba mkungu mmoja tu katika mikungu mitano upite jikoni kabla ya kufika kwenye mtumbwi wa kukamulia.

Viazi vitamu tunavyo pia. Kwa hivyo tunataka kuwa wakali kidogo, kwani memba wengi bado wanapanda vile vyeupe peke yake na kusema vile vya rangi ya karoti ni vya watoto na vya miradi. Ndiyo, ni vya watoto! Gramu 125 za kiazi cha rangi ya karoti, yaani kimoja kidogo, zinaweza kumpa mtoto mdogo vitamini A anayohitaji kwa siku nzima. Kiazi cheupe hakiwezi. Mtoto anayekosa ile vitamini anaumwa ovyo ovyo na macho yake yanapata shida giza likiingia. Rwanda kuko kiwanda kilichoingiza hivi viazi kwenye biskuti na kuziuzisha dukani kwa bei nzuri. Nyumbani ni rahisi kuliko kiwandani: chemsha na maganda, menya, ponda vikiwa bado moto, na kwa gobele 2 za unga wa ngano weka gobele 1 ya kiazi kilichopondwa. Punguza sukari kwa nusu, kiazi kina yake. Punguza na maji, uyaongeze kwa kijiko tu. Andazi linatoka la njano na laini, na kesho yake bado halijakauka. Usikaushe viazi juani siku nzima ili upate unga, maana jua linakula ile vitamini. Tumia vibichi, vilivyochemshwa siku ile.

Na mafuta ya mawese: yale mekundu yana asili ile ile ya vitamini A. Tuliona jikoni nyingi wanayachoma kwanza mpaka yawe meupe, ili andazi lisiwe na rangi. Wakifanya vile wamefukuza kile kilicho cha maana ndani yake. Afadhali andazi jekundu.

Sasa tuseme jambo ambalo kama tungelikaa kimya juu yake, heri tusingeandika habari za mihogo kabisa. Mihogo michungu ina sumu. Bibi zetu waliijua, ndiyo sababu wanailoweka usiku tatu ama nne mpaka ilainike, kisha wanaimenya na kuianika vizuri. Lakini bei ikipanda na mchuuzi akifika na lori, siku tatu zinakuwa moja. Huko Kwango, magharibi mwa inchi yetu, kuna vijiji ambako watoto na mama wengi walilala wazima wakaamka miguu imekakamaa, na haikurudi tena kuwa kama zamani. Ugonjwa unaitwa konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Uliandikwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938. Usiseme Kwango ni mbali: hata Kivu ya Kusini konzo imeonekana. Inashika mahali ambako watu wanakula mihogo isiyolowekwa vizuri kila siku, juma kwa juma, bila maharage, samaki ama kitu kingine cha kujenga mwili.

Kwa hiyo unga unaoingia kwenye kabalagala na mandazi utoke kwa mihogo mitamu, ama mihogo michungu iliyolowekwa siku zake zote. Kama umenunua unga sokoni na hujui uliandaliwa namna gani, usiupe watoto mandazi yake. Upike ugali, na kabla ya kupika ufanye hivi: tia unga mkavu kwenye bakuli, weka alama ndani pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka safi, usizidi unene wa sentimita 1, uache saa 2 juani ama saa 5 kivulini. Sumu inatoka kwa hewa. Kisha upike siku ile ile. Hii njia imetumiwa vijijini Kwango na mama wenyewe wanaifundishana. Haihitaji feza hata moja.

Na koperative inayouzisha unga uliolowekwa siku moja ili kuwahi lori, sisi tunasema wazi: inauzisha ugonjwa. Tunajua neno hili halitafurahisha kila mtu. Tumekaa kwenye mikutano ambako tulilisema taratibu, na halikusikika.

Turudi kwa soya na lile swali la baba. Sasa tunalo jibu, na tunalitoa hapa kwa kuchelewa. Unga wa mihogo hauna hata gramu 30 za proteini katika kilo. Soya kavu ina kama 360 mpaka 400. Ile ndiyo tofauti kati ya tumbo lililojaa na mtoto anayekua. Chagua soya nzuri, toa iliyooza na yenye ukungu. Itie kwenye maji yanayochemka tayari, iache kama nusu saa, imwage maji, ianike mpaka ikauke. Halafu ikaange bila mafuta mpaka itoe harufu nzuri na rangi ya kahawia hafifu. Usiruke hii kazi: soya mbichi inasumbua tumbo na inazuia proteini yake yenyewe isitumike mwilini. Kisha peleka kwa mashini: sehemu 4 za mahindi ama mtama, sehemu 1 ya soya. Wengine wanaijua kama sosoma, jina lililotoka kwa sorgo, soya na mahindi. Uji wake uchemke dakika 20, usitolewe tu kwa sababu umeanza kutokota. Ndizi moja iliyoiva ikipondwa ndani, sukari haihitajiki. Mahindi yenye ukungu yasiingie humo hata kama ni machache, na kuyasaga hakuondoi sumu yake. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 abaki kwenye ziwa la mama peke yake, huu uji si wake bado.

Gigozi chache za huu unga, zikihifadhiwa kavu kwenye chombo chenye kifuniko, zinafikisha nyumba mwisho wa mwezi. Kazi kubwa inafanywa siku moja.

Tumesema kazi, na hapa mama wengi wamekwisha kutuuliza: ni nani atafanya? Swali lao ni la haki. Mama anaamka saa kumi na moja, anateka maji, anafagia, anatayarisha watoto, anaenda shamba na jembe. Sisi tunakuja na karatasi tunamwambia aponde ndizi. Andazi la barabarani linanunuliwa juu ya uchovu, si juu ya ujinga, na yeyote anayeandika juu ya chakula cha asubuhi bila kuona huo uchovu aache kuandika. Ndiyo sababu tulichagua vitu vinavyopikwa jioni ama mara moja kwa mwezi. Na ndiyo sababu tunawageukia baba. Kusomba kuni, kupeleka soya kwa mashini, kuponda mihogo, hizi kazi hazina jinsia. Tumeona baba mmoja, memba wa halmashauri, anayekaanga kabalagala kila Jumapili jioni huku mke wake akiandika daftari la akiba la kikundi. Mwanzoni majirani walimwimbia. Sasa wanakuja kuonja, na kuondoka ni shida.

Kuko pia wanaotuambia: kazi ya koperative ni mbegu, mbolea na soko, mambo ya sufuria ni ya kila nyumba. Tunawaheshimu, lakini hatukubali. Koperative inakusanya nguvu kwa kitu ambacho nyumba moja haiwezi. Nyumba moja haiwezi kununua mashini ya kusaga, na haiwezi kumlazimisha mchuuzi angoje siku tatu mihogo ilainike. Haiwezi pia kukubaliana na yule mama wa barabarani kwamba kila juma atapata unga mzuri wa mihogo na viazi vya rangi ya karoti kwa bei isiyoruka. Koperative inaweza yote matatu. Yule mama hatumtaki afunge sufuria yake. Tunamtaka awe mnunuzi wetu. Mwezi huu ananunua gunia la ngano toka mjini. Kama robo ya gunia lake ingetoka kwenye depo yetu, feza yake ingelala kijijini.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja liingie kwenye mkutano mkuu kabla ya kuuzisha mavuno ya msimu B. Kila memba aseme mbele ya wengine ni gigozi ngapi za soya na mahindi zitabaki nyumbani kwake mpaka mavuno mengine, na mwandishi aandike. Kinachozidi ndicho kiende kwa mchuuzi. Tunajua deni la mbegu liko, ada ya masomo iko, na mgonjwa hangoji. Hatusemi abakize nusu. Kwa mtoto mmoja, gobele moja ya uji yenye unga wa gramu 50 kila asubuhi ni kilo 1 na nusu kwa mwezi, na katika hizo soya ni gramu 300 tu. Kwa miezi sita haifiki hata kilo 2 za soya. Memba ambaye ameuzisha gunia zima na hawezi kubakiza kilo 2 kwa mtoto wake, huyo ana shida nyingine, na mkutano unapaswa kumuuliza ni shida gani, kwa upole.

Jambo la mwisho ni la furaha, maana asubuhi za sikukuu nazo zipo. Watoto wanaotaka keki hawahitaji kungoja ya mjini. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sufuria ndogo ndani yake, kifuniko, na makala ya moto juu ya kifuniko: hiyo ni oveni. Ndizi 4 zilizoiva sana, mayai 2, gobele 2 za unga wa ngano uliochanganywa na kidogo cha soya iliyosagwa, nusu gobele ya mafuta, nusu gobele ya sukari, kijiko kidogo cha poda ya kuvimbisha. Inaiva kwa kama dakika 45, moto wa juu ukiwa mwingi kuliko wa chini. Ya kwanza itaungua chini. Ya kwetu iliungua, na watoto waliila yote na kukwangua sufuria.

Kikundi chochote kitakachotaka kuonyeshwa kituite kupitia mwezeshaji wa eneo lake. Tutakuja na sufuria, chekecheo na soya iliyokwisha kukaangwa. Ninyi mlete ndizi ambazo mchuuzi alizikataa, na unga wa mihogo yenu wenyewe, iliyolowekwa usiku tatu. Tutaanza saa moja asubuhi, wakati watoto hawajaenda masomo. Baba atakayekuja, aje na kuni.